Mzigo Unakwenda Wapi? Meno ya Kuvua na Kuvaa, na Meno ya Asili Yanayoyabeba

Maneno haya yalisemwa na mtaalamu wa meno mjini Tabora mbele ya wastaafu na jamaa zao. Tumeyaweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Mwangaluka, wazee wangu. Mwangaluka, mama zangu. Shikamooni nyote mlionitangulia kula chumvi. Na ninyi vijana mlioleta wazazi, msikae mkichezea simu huko nyuma, maana mambo haya yatawafikia.

Naomba nianze na swali. Mtu mwenye meno ya bandia ya kuvua na kuvaa anapotafuna karanga, ile nguvu ya taya inakwenda wapi? Haiwezi kuishia kwenye jino la bandia, kwa kuwa halina mzizi. Lazima itue mahali. Itatua kwenye fizi, au itatua kwenye meno ya asili yaliyobaki, au vitu hivyo viwili vitagawana. Na mgawanyo huo ndio ufundi wenyewe.

Wengi wetu tukienda kutengenezewa meno tunauliza bei, tunauliza yatakuwa tayari lini, tunauliza kama yatafanana na yale ya zamani. Sawa, ulizeni. Lakini ongezeni la nne: mzigo unakwenda wapi? Ukilishika hilo swali moja, utamwelewa daktari anaposema anataka kukuchonga kidogo jino zima ambalo halikuumi, na utajua kwa nini meno ya jirani yako yalimtoka mdomoni baada ya mwaka mmoja.

Tuanze na jino la asili lenyewe. Jino halikugandamana na mfupa wa taya. Kati ya mzizi na mfupa pana nafasi nyembamba, kama robo ya milimeta au pungufu, iliyojaa nyuzi. Nyuzi nyingi zimekaa mshazari, zimelining'iniza jino ndani ya tundu lake. Ukiling'atia, jino linashuka kidogo mno, sehemu chache za mia za milimeta, nyuzi zinakaza na mfupa unavutwa. Mfupa unavumilia sana kuvutwa. Fizi iliyofunika taya isiyo na meno ni habari nyingine kabisa: ukiikandamiza inabonyea mara kumi ya hapo, hata zaidi, na mfupa ulio chini yake ukikandamizwa kila siku unapungua. Ndiyo maana tunataka meno yabebe, si fizi.

Ila nyuzi hizo zina sharti lake. Nguvu ije kutoka juu, ifuate mzizi kwenda chini. Nguvu ya ubavuni hazipendi. Aliyewahi kung'olewa jino anakumbuka: daktari hakuanza kwa kulivuta. Alilisukuma nje, akalirudisha ndani, nje, ndani, mpaka tundu likapanuka. Sasa nawauliza: meno ya bandia yanayoyumba mdomoni, yaliyoshikizwa kwa waya kwenye jino lako zima, yanalifanyia jino hilo kazi gani kila mlo?

(Mzee mmoja akajibu kutoka kiti cha mbele: "Yanaling'oa." Watu wakacheka.)

Yanaling'oa, mzee wangu. Polepole, bila ganzi.

Kisa cha kwanza ni cha rais. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la asili mdomoni. Moja! Wengi mmesikia kwamba meno yake ya bandia yalikuwa ya mbao. Hayakuwa ya mbao. Daktari wake, John Greenwood, alimtengenezea kwa pembe ya kiboko, akatumia na meno ya binadamu, na akaacha tundu ili lile jino moja lipite na kuyashikilia yasitembee. Fikirieni mzigo huo. Jino moja likabeba kazi ya kinywa kizima, likivutwa huku na huku kwa kila neno na kila tonge. Mwaka 1796 nalo likang'olewa. Ikulu na heshima zake zote hazikuliokoa, kwa sababu jino halijui cheo. Linajua uzito, na linajua uzito umetoka upande gani.

Basi mzigo unapelekwaje kwenye jino ukifuata mzizi? Hapa naomba masikio yenu, kwa kuwa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Meno ya kuvua yaliyotengenezwa vizuri yana vipande vidogo vya chuma vinavyolala juu ya meno ya asili. Tuviite maegemeo. Egemeo likiwa juu ya gego, linakaa kwenye ukingo wa sehemu ya kutafunia, upande unaopakana na pengo. Halikai juu juu. Daktari anachonga kishimo kidogo cha kulipokea, chenye umbo la pembetatu iliyoviringwa kingo, upana wake kama theluthi moja ya upana wa gego. Ukingo wa jino unashushwa kiasi cha milimeta 1 hadi 1.5 ili chuma kipate unene wa kutosha, na mkato unabaki ndani ya gamba gumu la nje la jino. Na sakafu ya kishimo inainamia ndani, kuelekea katikati ya jino. Kwa nini ndani? Kwa sababu ikiinamia nje, kila unapotafuna egemeo linateleza, meno ya bandia yanakwenda upande wake na jino lako linasukumwa upande wake. Mwinamo mdogo tu, usioonekana kwa macho ya mgonjwa, unageuza msaada kuwa madhara.

Kwenye chonge, kishimo kinachongwa kwenye kile kinundu cha upande wa ulimi, karibu na fizi. Chonge ya juu mara nyingi ina kinundu kizuri. Ya chini gamba lake hapo ni jembamba, hivyo badala ya kuchonga, daktari anaweza kujenga ngazi ndogo kwa dawa ya kuzibia meno ile nyeupe, egemeo likalala juu ya ngazi hiyo.

Najua mnachowaza. "Daktari, jino langu zima, la nini kulichonga?" Haya, tufuate kitakachotokea lisipochongwa. Egemeo linakaa juu ya jino ambalo halikuandaliwa. Ukifunga mdomo, chuma kinagongana na jino la upande wa pili kabla meno mengine hayajakutana. Unalalamika, na una haki. Daktari anachukua mashine, anakisaga chuma mpaka uache kulalamika. Sasa chuma kimebaki chembamba. Miezi inapita, siku moja unatafuna mfupa, egemeo linakatika. Huna habari, maana haliumi. Kuanzia hapo meno ya bandia yanazama kwenye fizi kila ukila, waya zinashuka pamoja nayo, zinakata fizi pembeni ya jino zima, chakula kinajaa hapo, jino linaoza shingoni. Unarudi kung'olewa jino ambalo halikuwa na ubaya wowote. Yote hayo kwa kuogopa milimeta moja na nusu!

Sasa waya. Waya, au vibanio kama tunavyoviita kazini, ndivyo watu wanavyoviona na kuvisifu: "Yangu yana waya nne, hayachomoki!" Wazee wangu, kibanio hakibebi uzito. Kazi yake ni kuzuia meno yasinyanyuke pale unapofungua mdomo na asali ya Tabora imekunatia, au unapovuta tobolwa, kile kiazi kitamu kilichokaushwa, lililogoma. Ncha yake inaingia chini ya tumbo la jino, pale jino linapoanza kupungua kuelekea kwenye fizi. Inaingia kiasi gani? Kwa chuma cha kuyeyushwa cha kobalti na kromu, robo ya milimeta, 0.25. Kwa waya wa chuma cha pua uliokunjwa kwa mkono, ambao unanyumbuka zaidi, karibu nusu milimeta, 0.5. Vipimo hivi havikisiwi. Fundi sanifu wa meno anaweka kielelezo cha plasta, yaani sanamu ya kinywa chako, chini ya chombo kiitwacho saveya, chenye sindano wima, anakiinamisha mpaka ajue meno yatavaliwa kwa njia ipi, ndipo anapima.

Na kibanio kinakumbatia jino zaidi ya nusu ya mzunguko wake, lisije likaponyoka. Ng'ambo ya pili ya ncha lazima kuwe na mkono mwingine, mgumu, unaolizuia jino lisisukumwe wakati wa kuvaa na kuvua. Meno yakishakaa mahali pake, kibanio kinatakiwa kitulie, kisilibane jino hata kidogo. Kama unahisi jino linakazwa saa zote, kuna kosa.

Mchukueni mama mmoja, muuza karanga, tumweke pale sokoni. Simtaji mtu, namchora tu. Meno yake ya kuvua yamelegea. Anampelekea kijana mwenye koleo, anamkazia waya. Yanashika siku kumi, yanalegea tena. Anakazia tena. Mara ya tatu kibanio kinakatika, kwa sababu chuma kile kikikunjwa mara kwa mara kinachoka. Lakini kabla hakijakatika kimeshalivuta jino lake. Kosa liko wapi? Mama yule alikuwa na waya za kumtosha. Kilichokosekana ni kitu cha kuyazuia meno yasizame. Fizi ilikwisha kupungua chini yake, meno yakawa yanacheza, na kila akikaza waya anazidi kulifunga jino lake kwenye kitu kinachocheza. Meno yakilegea, angalia kwanza chini, kwenye maegemeo na fizi. Waya utaziangalia mwisho.

Jambo la tatu, na hili ndilo gumu hata kwa sisi wenye kazi. Mwaka 1925 daktari wa meno wa Marekani, Edward Kennedy, alipanga vinywa vyenye mapengo katika makundi manne, na mpaka leo tunautumia mpangilio wake. Kundi la kwanza: pengo liko nyuma pande zote mbili, hakuna jino baada yake. La pili: vivyo hivyo, lakini upande mmoja. La tatu: pengo la upande mmoja lina meno mbele na nyuma. La nne: pengo moja la mbele, linalovuka mstari wa katikati. Msiyakariri. Shikeni hili: je, pengo lako lina jino pande zote mbili, au nyuma yake ni fizi tupu?

Kama lina meno pande zote, umebahatika. Egemeo huku, egemeo kule, mzigo wote unakwenda kwenye meno, fizi inaguswa tu. Meno ya namna hiyo yakitunzwa hukaa miaka mingi bila matatizo makubwa.

Kama nyuma ni tupu, hesabu inabadilika. Wekeni ubao, ncha moja juu ya jiwe, ncha nyingine juu ya godoro, halafu mtu akalie upande wa godoro. Upande huo unazama, na ubao unazungukia pale kwenye jiwe. Jiwe ni jino lako la mwisho, na kila tonge linalipindisha kuelekea nyuma. Dawa yake ni kadhaa, zinafanywa pamoja. Egemeo linahamishiwa upande wa mbele wa jino, mbali na pengo, ili mzigo ukishuka, kibanio kinachotoka chini kwenye fizi kiachane na jino badala ya kulivuta. Sahani ya akriliki, ile plastiki ya waridi, huko nyuma inapanuliwa ifunike eneo lote linaloweza kubeba: chini inafika mpaka kwenye kile kinundu laini mwisho wa taya, na upande wa shavu inalalia ule mfupa mpana. Mzigo ule ule ukitandazwa mahali pakubwa, kila sehemu inapata kidogo. Tena linaongezwa egemeo jingine mbele, kwenye chonge au gego dogo, kuzuia nyuma isinyanyuke chakula kinaponata. Wengine hupunguza hata upana wa magego ya bandia. Usishangae yakiwa membamba. Yamefanywa hivyo makusudi.

Na baada ya hayo yote, fizi itaendelea kupungua, hasa katika mwaka wa kwanza baada ya kung'oa. Kwa hiyo meno ya kundi hili lazima yaangaliwe na kujazwa upya kwa chini. Kipimo kiko kwenye kidole chako. Vaa meno, bonyeza kwa kidole sehemu ya nyuma kabisa, juu ya gego la bandia. Je, egemeo la mbele linanyanyuka kutoka kwenye jino? Likinyanyuka, fizi imeondoka chini yake. Nenda ukajaziwe. Usingoje maumivu, maana linaloumia kwanza ni jino, na jino linaweza kuumia kimya kimya.

Sasa nije kwenye yale yasiyotajwa sana kwa sababu ya bei. Meno mengi tunayoyaona ni ya akriliki tupu, plastiki ya waridi, bila egemeo lolote. Nisiwe mkali kupita kiasi. Kwa taya ya juu yanaweza kufaa, kwa kuwa yanaegemea paa la kinywa, ambalo ni pana na gumu. Taya ya chini haina paa. Pana ukingo mwembamba wa fizi, ulimi upande huu na shavu upande ule. Mzee wa reli, mstaafu, anapewa meno ya chini ya akriliki tupu yaliyokaa kwa kuyabana meno yake ya mbele. Mwezi wa kwanza anakula vizuri. Kisha yanazama, makali ya plastiki yanasukuma fizi chini kwenye meno ya mbele, mizizi inaanza kuonekana, meno yanalegea. Mwishowe anang'olewa yote, na watu wanasema uzee. Uzee haukufanya hivyo! Madaktari wa meno wa Uingereza wana jina baya kwa meno ya aina hiyo: mchuna fizi.

Je, asiye na fedha ya chuma cha kobalti na kromu afanyeje? Aulize kama fundi anaweza kukunja waya wa chuma cha pua, akaupiga bapa ncha, akaufanya egemeo lililozamishwa ndani ya akriliki. Si sawa na chuma cha kuyeyushwa, lakini mzigo unapata pa kwenda. Na yale meno laini ya nailoni yanayonyumbuka, yasiyo na waya unaoonekana? Ni mazuri kwa picha ya harusi. Mengi hayana egemeo, mzigo wote uko kwenye fizi, na yakilegea ni kazi kuyajaza au kuyatengeneza. Mimi kwa pengo refu la nyuma siyashauri.

Meno yapi yabebe? Picha ya eksirei kwanza. Tunataka mzizi ulio ndani ya mfupa uwe mrefu kuliko sehemu iliyo nje. Mzizi ukilingana na sehemu ya nje, hapo tuko mpakani. Jino linalocheza kidogo linaweza kutibiwa likatumika. Linalobonyea juu na chini, hapana. Ugaga uondolewe, matundu yazibwe, ndipo vipimo vichukuliwe; kujenga juu ya fizi inayotoka damu ni kupoteza fedha. Na msikubali jino zuri ling'olewe eti "tusawazishe". Chonge hasa, zina mizizi mirefu. Hata jino lililovunjika linaweza kusafishwa mzizi, likakatwa likabaki juu ya fizi kidogo tu, meno ya bandia yakalala juu yake. Mzizi ukibaki, mfupa unaouzunguka nao unabaki.

Wauguzi na wanafunzi mlioko hapa, neno moja la kazini. Vishimo vinachongwa mwisho, baada ya kusawazisha kuta za meno zinazoongoza njia ya kuvalia. Aljineti, ule ute unaoganda tunaochukulia chapa ya meno, imwagiwe plasta upesi, ndani ya dakika chache, maana ikikauka inasinyaa. Ikibidi kazi isafiri kwenda maabara ya mbali, kinachopanda gari ni kielelezo cha plasta ngumu, si aljineti. Na mchoro uambatane nacho: egemeo wapi, kibanio wapi, kina gani. Daktari asiyechora amemwachia fundi, ambaye hajamwona mgonjwa, aamue mzigo uende wapi.

Matunzo nayasema haraka. Vaa kwa vidole vya mikono miwili. Ukiyang'atia mahali pake utapinda kibanio. Vua usiku, yaweke kwenye maji ya kawaida. Maji ya moto yanapinda akriliki. Sugua kwa sabuni na mswaki laini, chini pawe na beseni lenye maji, yakiponyoka yasivunjike. Dawa ya kufulia yenye klorini inakula chuma. Meno ya asili yanayobeba yapigwe mswaki kuliko yote, kwa dawa yenye floraidi, hasa pale egemeo na kibanio vinapogusa.

Na ninyi wenye kipande kidogo cha jino moja au mawili upande mmoja: msilale nacho kamwe. Kinamezwa, kinaweza kuingia njia ya hewa, na akriliki haionekani vizuri kwenye eksirei. Kikipotea usiku na hukioni, nenda hospitali asubuhi ile ile ukawaambie wazi kwamba huenda umekimeza. Ukishindwa kupumua vizuri, usingoje asubuhi.

(Mama mmoja akauliza kama aliyekwisha kuvaa meno yasiyo na egemeo ayatupe.)

Usiyatupe, mama. Yapeleke yakaangaliwe. Mengine yanaweza kuongezewa waya wa kuegemea, mengine kujazwa chini, mengine yatatumika wakati mapya yanatengenezwa. Na leo wenye meno ya kuvua naomba mbaki. Tutafanya kile kipimo cha kidole, mmoja mmoja, pale kwenye meza ya dirishani. Maji na sabuni viko mlangoni, mikono kwanza.